Kazi ya wazazi wa njiti wodini: jibu kwa baba aliyeuliza

Kaka, pole na hongera. Umeandika kwamba mkeo amejifungua kwa upasuaji mimba ikiwa na wiki 29, mtoto ana kilo 1.1 na amelazwa katika wodi ya watoto wachanga mahututi, na unauliza kama kuna chochote wazazi wanachoweza kufanya mbali na kusali na kusubiri. Mimi ni mama wa binti aliyezaliwa wiki ya 30 akiwa na gramu 1,250, katika hospitali moja ya rufaa hapa Tanzania, na sasa anasoma darasa la kwanza. Si daktari, kwa hiyo haya ninayoyaeleza yapelekeni kwa wanaomhudumia mtoto wenu, wao ndio wanaojua hali yake ya leo. Lakini jibu langu ni kwamba ipo kazi, tena kubwa: maziwa ya mkeo na vifua vyenu wawili ni sehemu ya matibabu, na hakuna mashine inayoweza kuwafanyia kazi hiyo.

Maziwa nayatanguliza kwa sababu hayangoji. Mtoto wa wiki 29 hawezi kunyonya, kwani uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huja kwenye wiki ya 34 hivi. Hadi hapo atalishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni. Akina mama wengi wakiuona mpira huo huona kama wameondolewa kazini, na hapo ndipo maziwa hukauka. Mkeo aanze kukamua leo, hata yakitoka matone tu, na aendelee angalau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo, maana titi lisilokamuliwa huacha kutengeneza. Yale ya mwanzo, mazito na ya manjano, hutoka vizuri zaidi kwa mkono kuliko kwa pampu. Amwombe sista amwelekeze. Mama aliyepasuliwa na mwenye hofu maziwa yake yanaweza kuchelewa, kwa hiyo kazi yako wewe ni uji, maji ya kunywa, kumwamsha usiku kwa upole, na kumkinga na kila jamaa atakayekuja kumwambia kwamba maziwa hayo hayatoshi. Yanatosha. Tumbo la mtoto wenu ni dogo mno, na njiti wanaolishwa maziwa ya mama hupatwa kwa nadra zaidi na ule ugonjwa hatari wa kuoza utumbo.

Ulishaji wenyewe ni jambo la utulivu. Sista huchukua bomba la sindano lisilo na sindano, huondoa kisukumio chake, hulichomeka kwenye mwisho wa mpira, kisha humimina maziwa na kuliinua juu kidogo ya mtoto ili yashuke yenyewe pasipo kusukumwa. Mililita mbili, siku za mwanzo. Waombeni muachiwe kulishika bomba hilo mkishaelekezwa. Mimi nilipokabidhiwa mara ya kwanza nililishika kwa mikono miwili, macho yangu yakiwa kwenye ule weupe unaoteremka kutoka alama moja hadi nyingine, na ndipo nilipoacha kujiona mgeni wake.

Kuhusu mashine, jifunzeni chache zinazomhusu mtoto wenu, msihangaike na zote. Ikiwa amewekewa mipira miwili mifupi puani iliyounganishwa na chupa ya maji, basi hewa inayosukumwa ndiyo inayozuia mapafu yake machanga yasijifunge, na maji ya chupa hiyo yanatakiwa kububujika. Mkiona yamenyamaza, mwiteni muuguzi papo hapo, kwa kuwa huenda mpira umechomoka puani. Kifaa chenye taa kilichofungwa mguuni kinapima oksijeni, na hupiga kengele hata mtoto akitikisa mguu tu, kwa hiyo kabla ya kushtuka mtazameni yeye kwanza, kifua na rangi ya midomo. Njiti husahau kupumua kwa sekunde kadhaa, jambo linalotisha sana, na mara nyingi kumsugua unyayo kidogo humrudisha. Ndiyo sababu wengi wao hupewa dawa ya kafeini. Taa za bluu ni za kupunguza umanjano wa ngozi na macho. Uzito nao utashuka siku za mwanzo kabla ya kuanza kupanda, na hilo peke yake si dalili ya ugonjwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningetaka mlidai kuliko yote, nalo ni kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hii ya kangaruu ilianza mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, Colombia, ambako Dkt. Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na uhaba wa mashine za joto. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa ni ya mtoto aliyekwisha kutengemaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulibadilisha mawazo hayo: watoto wenye kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8 walioanza kukaa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungojwa watengemae, walikufa 12 katika kila 100 ndani ya siku 28, ilhali wale waliongojewa walikufa karibu 16. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda uliopangwa kwa kuwa faida ilikuwa wazi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa kwa mtoto mahututi asiyeweza kupumua mwenyewe, anayehitaji mashine ya kumpumulia, au aliye katika mshtuko, yaani damu yake haizunguki vya kutosha mwilini.

Kwa hiyo kesho asubuhi, madaktari wakipita, waulizeni: je, mtoto wetu anaweza kuwekwa kifuani, na kama bado, kinachozuia ni nini? Ulizeni kwa heshima na mngoje jibu. Mtoto huvaa nepi, kofia na soksi tu, huwekwa wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuliwa kidogo ili njia ya hewa isibanwe, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha kitenge hufungwa kwa nguvu hadi chini ya sikio lake. Wewe pia vua shati. Mkeo ana mshono, anahitaji kulala, na kifua cha baba kinampa mtoto joto lilelile. Katika wodi yetu akina baba walikuwa wakizuiwa mlangoni, na mpaka leo naona hilo ni kosa.

Kuhusu kazi, marekebisho ya sheria za kazi yaliyopitishwa hapa Tanzania mwaka 2025 yanampa mama aliyejifungua njiti nyongeza ya likizo, basi mwajiri wa mkeo apelekewe mapema barua ya daktari yenye wiki za mimba.

Mkikaribia kuruhusiwa, fahamuni kwamba chanjo nyingi hufuata tarehe aliyozaliwa, lakini kukaa na kutambaa kwake mkuhesabu kuanzia tarehe mliyotarajia azaliwe. Na aliyezaliwa kabla ya wiki 32 lazima apimwe macho akiwa na umri wa wiki nne hivi, kwa kuwa mishipa ya nyuma ya jicho inaweza kukua vibaya bila dalili yoyote ya nje, na ikigunduliwa mapema inatibika. Akiwa bado wodini, ulizeni nani atampima na lini. Akiwa ameruhusiwa, tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki kabla hamjaondoka.