Bima imekataa MRI ya mume wangu, jimbo la Texas linasema kesi sio yao

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko Fort Worth, mume wangu anafanya kazi ghalani kwenye kampuni moja kubwa na bima yetu inatoka hukohuko kazini kwake. Mgongo unamsumbua mwezi wa pili sasa, maumivu yanashuka mpaka mguu wa kushoto. Daktari kaandika MRI, ile picha ya ndani ya mwili, bima wamekataa kutoa kibali, barua inasema eti haina ulazima wa kitabibu. Pale kliniki nikaambiwa Texas kuna sheria ya kadi ya dhahabu, daktari mwenye rekodi nzuri haombi kibali kabisa. Nikapeleka malalamiko idara ya bima ya jimbo, wamenijibu hiyo bima haiko chini yao. Sasa iko chini ya nani? Na hiyo sheria waliitunga ya nini kama haitusaidii?

JIBU: Pole dada, na umfikishie mzee pole zangu, mgongo ukishaanza kuteremka mguuni hata kulala ni shida. Mimi kazi yangu ya kila siku ni hiyohiyo, nakaa kitengo cha vibali kwenye kliniki ya mifupa, asubuhi faksi mchana simu, kwa hiyo hili swali lako nalisikia karibu kila wiki na mara nyingi mtu anakuja ameshapoteza mwezi mzima anagonga mlango usio wake.

Kabla ya yote itoe ile kadi ya bima kwenye pochi, itazame mbele na nyuma, tafuta herufi TDI au DOI, ni vifupisho vya idara ya bima kwa Kiingereza. Texas bima inayosimamiwa na jimbo lazima iwe na hizo herufi kwenye kadi. Zikiwepo, sheria za Texas zinakulinda. Zisipokuwepo na bima ni ya kazini, mara nyingi ni ile ambayo mwajiri anajilipia mwenyewe, na kwa jibu ulilopewa na idara nadhani yenu ndio hiyo.

Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, maana kadi zote zina nembo ileile ya kampuni ya bima. Kuna mwajiri anayenunua bima, analipa ada kila mwezi, mfanyakazi akiumwa hasara ni ya kampuni ya bima. Halafu kuna mwajiri mkubwa ambaye anaona kununua bima ni gharama bure, anatenga hela zake mwenyewe za matibabu ya wafanyakazi, na ile kampuni yenye nembo kwenye kadi anaikodi tu imfanyie makaratasi, yani kupokea madai, kutoa vibali, kujibu simu. Ukipiga simu unasikia jina la kampuni ya bima, lakini MRI ikifanyika hela inatoka kwa bosi wa mume wako. Na hii ya pili sio kitu cha pembeni, wafanyakazi wengi wa Marekani wenye bima za kazini wako humo, zaidi ya nusu.

Sasa tangu 1974 kuna sheria ya shirikisho inaitwa ERISA. Inasema majimbo yanaruhusiwa kusimamia biashara ya bima, ila mwajiri anayejilipia mwenyewe asihesabiwe kama kampuni ya bima. Basi. Hapo mkono wa Texas, wa California, wa jimbo lolote, unaishia mlangoni. Na sio kwamba Texas hawakujaribu, 1997 walipitisha sheria ya kumruhusu mgonjwa aishtaki bima iliyomnyima matibabu akaumia, wakaja Davila na Calad, watu wawili wa hukohuko Texas wenye bima za kazini, kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani na 2004 majaji wote tisa wakasema hapana, ERISA ndio inatawala. Kwa hiyo idara haikukufukuza kwa dharau, kweli hawana meno hapo.

Hiyo kadi ya dhahabu kwanza sio kadi. Ni sheria ya 2021, muswada HB 3459, kwamba daktari ambaye bima imemkubalia angalau asilimia 90 ya maombi yake ya huduma fulani, basi kwa huduma hiyo na kwa bima hiyo asiombe tena kibali. Soma vizuri, huduma hiyo, bima hiyo. Daktari anaweza kusamehewa kwa MRI ya goti na mgongo bado anaomba kama kawaida. Hesabu ya mwanzo ya idara yenyewe ilionyesha madaktari walioipata ni kama asilimia 3 tu. Mi naona wazo ni zuri ila tundu la sindano ni dogo mno, na juu ya hapo haigusi bima za waajiri wanaojilipia wala Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini. Aliyekuambia pale kliniki hajakudanganya, kasahau tu nusu ya maneno.

Haya tuje kwenye mlango wako. Anayesimamia bima ya mumeo ni wizara ya kazi ya shirikisho, na haki zipo, tena nyingine ni kali kuliko watu wanavyodhani. Ombi la kawaida wanatakiwa kulijibu ndani ya siku 15, wanaweza kujiongezea 15 nyingine mara moja kwa sababu maalum. La dharura saa 72. Na hapa kuna kitu naomba umwambie daktari: akiandika yeye, kama daktari anayemjua mgonjwa, kwamba ombi ni la dharura, bima lazima ilichukulie ni la dharura, hawana ruhusa ya kubishana naye. Bila shaka asiandike uongo. Lakini kama mguu umeanza kulegea au nyayo inaburuta, huo sio uongo.

Na nisikupite hapa: akishindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, au akipata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, usisubiri kibali cha mtu, mpeleke emajensi usiku huohuo. Huduma ya dharura haihitaji kibali cha awali, na hilo linawabana hata waajiri wanaojilipia, hata kama hospitali haiko kwenye orodha ya hospitali zenye mkataba na bima yenu.

Kama hali sio hiyo, barua ya kukataliwa ina kigezo walichotumia. Nakuapia naweza kukisia bila kuisoma: wanataka wiki 6 za fiziotherapia au dawa kwanza bila nafuu, kisha ndio MRI. Nimeona maombi mengi ya mgongo yakifa hapo, na mara nyingi mgonjwa hizo wiki ameshazimaliza ila hakuna aliyeziandika kwenye faili, yani daktari kaandika "maumivu ya mgongo" akatuma. Mzee alimeza dawa gani, tangu lini, mazoezi alifanya wapi, alishindwa kufanya nini kazini, reflexi za mguu zikoje, yani mguu unavyoshtuka daktari akiugonga, hayo yote yaingie kwenye maelezo ya daktari na tarehe zake. Halafu daktari apige ile simu ya daktari kwa daktari, aongee mwenyewe na daktari wa bima. Simu ya dakika kumi inaokoa rufaa ya mwezi, ila muda wa kuipiga huwa mfupi, siku chache tu baada ya kukataliwa, kwa hiyo mwombe leo.

Ikishindikana kateni rufaa, mna siku 180 tangu mpokee barua. Wakati wa rufaa anayeiangalia asiwe yuleyule aliyekataa mwanzo wala mtu wa chini yake, na kwa suala la kitabibu lazima wamshirikishe mtaalamu wa fani hiyo. Mna haki ya kupewa faili lote la ombi bure, pamoja na kile kigezo. Liombeni. Wakikataa tena, mna miezi 4 ya kuomba mkaguzi wa nje asiye mtu wa bima, na akisema ndio bima inalipa, hawana rufaa ya kukuzungusha. Kiingereza kikikwama kwenye simu omba mkalimani wa Kiswahili, kampuni nyingi kubwa wana laini ya wakalimani, ukisema tu "Swahili" wanakuunganisha.

Jambo ambalo watu hawalifanyi, na mi nalipenda kuliko yote, ni kwenda HR, ile ofisi ya masuala ya wafanyakazi kazini kwa mumeo. Hela ni ya mwajiri, kwa hiyo mwajiri ana sauti. Mumeo aandike barua, sio kuongea tu koridoni, aombe kitabu cha maelezo ya mpango wa bima. Ndani yake imeandikwa wazi kama mwajiri anajilipia, na nani mwenye neno la mwisho kwenye rufaa. Wana siku 30 kukitoa, wakichelewa mahakama inaweza kuwatoza mpaka dola 110 kwa kila siku, na HR wanalijua hilo. Kwenye barua hiyohiyo aeleze kwamba fundi wa ghala anakaa nyumbani kwa sababu ya picha moja iliyokataliwa. Nimeshaona kibali kikitoka siku ya pili baada ya HR kupiga simu moja, bila rufaa yoyote.

Kila mnachotuma kwa faksi toeni ile karatasi ya uthibitisho muitunze. Na ukishaitazama hiyo kadi niandikie tu kama herufi zipo au hazipo, maana zikiwepo nitakuelekeza njia nyingine kabisa.