Kabla hujanunua paneli za kutengenezea amonia

Nilikuwa fundi wa mtambo wa barafu Tanga kwa miaka 12, kwa hiyo amonia, gesi kali ya kugandishia, niliijua kwa pua kabla ya kuisoma. Nilipoacha kazi, paneli zangu 4 za wati 300 zikanitia tamaa. Jua lipo, maji yapo, hewa tele. Kwa nini nisijipikie amonia iwe mafuta ya jenereta?

Amonia ni naitrojeni ya hewani ikiungana na haidrojeni ya maji, basi nilianza na haidrojeni. Nikakoroga chumvi ya jikoni kwenye ndoo ya maji, nikazamisha vijiti vyeusi vya betri za redio, nikaunga waya. Mapovu yakapanda. Kidogo tu, kibanda kizima kikanuka dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Klorini! Nikatoka mbio nakohoa, mama watoto akaniuliza kama nimeamua kuua mende. Chumvi usiiguse. Mitambo yenyewe hutumia maji yaliyosafishwa na potasiamu haidroksaidi, ambayo nayo huunguza ngozi.

Ndipo nikashika kalamu, na ningeanza na hiyo. Kilo 1 ya amonia inataka gramu 178 za haidrojeni, na tangu maji hadi amonia, mtambo mzuri hula takriban yuniti 11 za umeme. Paneli zangu hutoa yuniti 6 kwa siku ya jua kali. Yaani nusu kilo. Ichome kwenye injini, umeme utakaopata haufiki yuniti 1. Betri ingenirudishia karibu 5. Tena sijagusa kinu cha kuunganisha naitrojeni na haidrojeni: nyuzi 400 na zaidi, mgandamizo unaopita mara 100 ya hewa tunayovuta. Hicho hakichomelewi gereji.

Karibu na Naivasha, shamba la Morendat liliwekewa mtambo wa tani 1 kwa siku, nao unalishwa na sola ya megawati 2.1. Na ile ni ya mbolea, si ya kuchoma. Kwao hesabu inakubali, maana mbolea ya nje hulipiwa meli, bandari na lori. Meli zenyewe huenda zikaihitaji kama mafuta, kwa sababu betri haivuki bahari. Nyumbani, weka betri.

Ukiajiriwa kwenye mitambo hiyo, angalia koki. Amonia hupasua shaba, ya njano hasa. Muuzaji mmoja aliniapia koki yake ni chuma, kumbe shaba iliyopakwa rangi ya fedha, ikaachia usiku. Sasa kila koki naikwaruza kwanza kwa tupa, palepale dukani, muuzaji akininunia.