Boxer ya Mbagala na safari ya Livingstone

SWALI: Kaka shikamoo. Mimi ni boda wa Mbagala, nina Boxer 150, mwaka wa tatu huu, niliinunua kwa mtu mkononi. Mwakani mwezi wa sita nataka niende nayo Livingstone kule Zambia nikayaone yale maporomoko ya Victoria, nikipata nguvu nivuke na Botswana. Washkaji wananicheka eti pikipiki ya bodaboda haitoboi hata Makambako. Itafika kweli? Na nijiandae vipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Itafika, hiyo wala siyo hoja, pikipiki inayopiga mishikaki ya abiria na magunia ya mkaa kila siku itashindwaje kubeba mtu mmoja na begi? Kilichonishtua mimi ni hapo uliposema uliinunua kwa mtu mkononi. Kadi inasoma jina la nani? Maana wengi wetu tunapewa kadi na kikaratasi cha mauziano tunaingia barabarani, jina linabaki la yule wa kwanza, na hapa mjini unaweza kupeta hivyo hivyo miaka kumi. Mpakani hupeti. Ukiingia Zambia chombo kinakatiwa kibali cha muda, na watataka kuona ni chako, kama siyo chako uwe na barua ya mwenyewe yenye muhuri wa mwanasheria. Mimi yalinikuta mpaka mmoja siutaji, pikipiki nimeazima kwa shemeji, nikasema ah si ndugu bwana nani atauliza, nikalala gesti siku mbili nasubiri barua ije na basi. Kwa hiyo kabla hujanunua hata helmeti mpya mtafute aliyekuuzia, mwende TRA mbadilishe umiliki. Leseni nayo iwe na daraja A, na paspoti usiiache kwa mama.

Halafu kuna kadi mbili za njano, watu wanazichanganya kweli kweli. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, hiyo ya mwili wako. Nyingine ni bima, Yellow Card ya COMESA, hiyo ya chombo. COMESA ni ile jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania tulijitoa mwaka 2000 lakini kwenye huu mpango wa bima bado tumo, unakatiwa huku huku Dar kabla hujaondoka na Zambia wanaitambua. Botswana haimo, kule utalipa ya kwao mpakani.

Njia sasa. Dar hadi Tunduma ni kilomita 900 na ushee, usijifanye basi la usiku, siku ya kwanza lala Iringa, hapo ni kama 500. Mikumi lami inakata katikati ya hifadhi kama kilomita 50, tembo na twiga wanavuka wanavyotaka wao, na ukigonga mnyama kuna faini. Mlima Kitonga lori linalopanda halina neno, ogopa linaloshuka, breki zikishapata moto dereva mwenyewe anakuwa abiria, lisikukute mbele yake. Na Makambako mwezi wa sita, mdogo wangu, baridi la kule si mchezo, vidole vinakufa ganzi hujui kama umeshika klachi au hujashika. Weka gazeti kifuani chini ya koti. Cheka tu ila utanikumbuka.

Tunduma usiogope ile foleni ya malori, pikipiki inapenya pembeni. Kituo ni cha pamoja tangu 2019, mambo ya nchi zote mbili unayamaliza sehemu moja, ila vishoka watakuita bosi kuanzia getini wakikutaka uwape karatasi zako wakusaidie, usimpe mtu kadi yako, nenda dirishani mwenyewe. Utalipia kodi ya kaboni na ushuru wa barabara, kila ukilipa dai risiti. Saa yako rudisha nyuma lisaa limoja.

Hapo hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000 na malori ya shaba njia nzima. Tenki lako la lita 11 ukienda taratibu linakupa zaidi ya kilomita 400, lakini Mpika jaza tu, mpaka Serenje ni pori. Cheni na sproketi funga mpya kabla hujatoka, beba tyubu mbili, plagi, kebo ya klachi. Oili mwaga Lusaka.

Maporomoko wenyewe wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, sikia hiyo mosi ilivyo ndugu ya moshi wetu. Mwezi wa sita maji bado mengi, utaloa. Ukiamua kuvuka kwenda Botswana, daraja la Kazungula lilifunguliwa Mei 2021, mita 923, limepindishwa makusudi lisiguse Zimbabwe, zamani hapo ilikuwa pantoni. Ng'ambo tembo ni wengi kuliko magari, jua likizama na wewe zama.

SWALI: Niko Bukoba, nataka kupita Mutukula niende Kampala hadi Kigali na pikipiki. Bima ni ile ile?

JIBU: Dada, ile ile ya njano, Uganda na Rwanda zote zimo. Shida ni Gatuna, mpakani mwa Uganda na Rwanda, Uganda ni kushoto kama kwetu, Rwanda wanaendesha kulia, utakumbuka vizuri ukiwa kwenye foleni, utasahau asubuhi ukitoka sheli barabara ikiwa nyeupe. Na Kigali abiria ni mmoja tu na avae helmeti, mishikaki iishie Kyaka.