Maji kwenye petroli: mashine imetuzimikia ziwani

SWALI: Shikamoo mzee wa maabara. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Igombe. Mwezi huu mashine imetuzimikia mara mbili usiku, mbali na mwalo, tukapiga makasia hadi alfajiri. Fundi alifungua kabureta akakuta maji. Nimesikia kuna kipimo kinaitwa kromatografia ya gesi. Nipeleke petroli yangu huko?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa hiyo najua mlikuwa gizani kweli.

Kipimo hicho nimekifanyia kazi miaka mingi. Tone dogo la mafuta linaingizwa kwa sindano, linageuka mvuke, kisha gesi ya heli inalisukuma ndani ya mrija mwembamba kama uzi, wenye urefu wa hata mita 30, uliozungushwa ndani ya tanuri. Kila kilichomo hutoka kwa wakati wake, na mwishoni kitambuzi kinakichora kama mlima kwenye grafu.

Kitambuzi ndicho chenye maneno. Nikiwa mgeni kazini nilipitisha petroli kwenye mashine yenye kitambuzi cha moto. Ikachora milima tele, ya maji hakuna hata kichuguu. Nikaandika "safi". Msimamizi wangu akainua chupa dirishani, akaiinamisha, nikaona punje ya maji ikiteleza chini. Kitambuzi cha moto huhesabu kinachoungua, na maji hayaungui. Kwa maji tunatumia kitambuzi cha joto: waya uliopashwa moto hupozwa na heli inayopita, mvuke wa maji ukifika, waya haupoi sana kama kawaida, na tofauti hiyo ndiyo inayochorwa. Maabara nyingi hutumia pia njia ya Karl Fischer, Mjerumani aliyeitangaza mwaka 1935.

Lakini wewe usitumie nauli yako huko. Uzuri wa mashine hizo ni kupima maji yaliyoyeyuka ndani ya mafuta, ambayo ni kidogo mno na jicho haliyaoni. Kinachokuzimia mashine ni maji yaliyojitenga. Lita ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo, ya maji ni kilo nzima, hivyo maji hukaa chini kabisa, palepale mpira wa mafuta unaponyonya.

Chukua chupa safi ya kioo. Acha dumu litulie, ingiza mpira mpaka kwenye sakafu yake, vuta kidogo kwa pampu ya mkono, si kwa mdomo. Funga chupa, subiri nusu saa mbali na moto, kisha itazame juani. Ukichota juu ya dumu utaona petroli safi na utadanganyika.

Dumu la nusu likilala ufukweni, hewa yenye unyevu iliyomo hupoa usiku na kudondosha matone. Lijaze au uhamishie kwenye dumu dogo, na ukague mpira wa kifuniko. Ukikuta maji kwenye petroli uliyonunua leo, irudishe kituoni pamoja na chupa yako kabla hujaimimina kwenye tangi.