Uliniuliza Kama Huwa Sichoki

Mwanangu,

Jumapili ulinikuta sebuleni na taulo begani, nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta, ikinguruma kama pikipiki iliyokataa kuwaka, ukaniuliza: "Mama, hii utaifanya mpaka lini? Huchoki?" Sikukujibu kwa kuwa nilikuwa na mashine mdomoni. Ulipoenda kupanda matatu ya Nakuru swali lako likabaki hapa nyumbani na mimi.

Nachoka. Nianzie hapo, usije ukadhani mama yako ni chuma.

Hilo la mpaka lini ni rahisi: mpaka siku ya kuzikwa. TB ilinipata 1998, ukiwa darasa la pili, nikameza dawa miezi minane bila kuruka hata siku moja. Nilipona, lakini iliniachia makovu. Mirija ya hewa kwenye pafu la kulia ilipanuka ikalegea, ikawa haiwezi kupandisha makohozi yenyewe. Daktari huita bronkiektasisi. Mimi huufikiria ule mtaro wa nyuma ya ploti yetu hapa Umoja: maji yakituama, yataoza tu. Mirija hairudi ilivyokuwa, kwa hiyo nazibua kila siku. Na mwambie mumeo, maana nilimwona akimvuta mtoto, kwamba siambukizi. Makohozi yangu yamepimwa na TB haimo.

Mwanzo wa shughuli yenyewe hujawahi kuuona, huwa umelala. Saa kumi na moja na nusu navuta inhela ya bluu kupitia lile kopo la plastiki, nifungue njia. Nateleka chai, nangoja kama robo saa. Halafu maji ya chumvi kwenye nebulaiza. Chumvi huvuta maji ndani ya mirija, makohozi yanalainika yakaachia. Ladha yake ni kama ile siku uliyonywa bahari pale Mombasa ukalia mpaka jioni.

Kisha kazi. Napumua taratibu, navuta pumzi ndefu tatu au nne nikizishika kidogo, halafu naachia kwa nguvu mdomo wazi: haaa! Zamani nilikuwa nakohoa kwa hasira mpaka mbavu zinauma na hakitoki kitu. Yule dada wa mazoezi ya kifua kliniki alinitazama, akatoa kioo kidogo mkobani mwake, akaniambia, "Mama, tia ukungu hapa kama unayetaka kupangusa miwani." Akanieleza kuwa kukohoa kwa fujo hubana mirija iliyolegea, na uchafu unakwama ndani. Jioni ile nilinunua kioo changu. Ndicho hicho kando ya redio, ulichodhani ni cha kujipodoa.

Sasa nikwambie nisichowahi kukuambia. Ile Julai niliyolazwa siku tisa nikichomwa sindano za mshipani, nilisema ni baridi. Baridi ilikuwepo, na moshi wa jikoni kwenye matanga kule ushago ulikuwepo pia. Lakini nilikuwa nimeacha kila kitu wiki tatu. Nilijisikia vizuri, nikaona aibu kubeba mashine mbele ya watu, nikajiambia nitaanza tena nikirudi Nairobi. Makohozi yakageuka kijani, yakaongezeka, nikanyamaza. Siku hizi yakibadilika rangi tu napiga simu kliniki, singoji homa.

Sikutoka hospitali na moyo mpya. Nilichobadilisha ni chai. Haimiminwi kabla sijamaliza, na wewe unajua mimi na chai ya asubuhi. Taarifa ya habari ya saa kumi na mbili ikianza, nami naanza zile pumzi, hata kama stima zimepotea na nebulaiza imelala. Redio yangu ni ya betri.

Jioni ndiyo hunishinda. Nilipomwambia daktari kuwa siku nyingine nalala bila nebulaiza ya usiku, nilitarajia kugombezwa. Akaniuliza ni kipi nikikiacha naona tofauti kesho yake. Nikasema zile pumzi. Basi tukakubaliana: siku nimechoka sana, nebulaiza ya usiku naweza kuiruka, pumzi siruki. Kile kidonge cha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nacho hakina mjadala.

Lakini kinachonichosha kuliko vyote, ukitaka ukweli, ni kuosha. Kile kikombe cha dawa na kile cha mdomoni: sabuni na maji ya moto kila mara, kusuuza, kuchemsha siku zilizopangwa, kisha kuanika juu ya kitambaa safi mahali vumbi la barabarani halifiki. Na jirani naye awe hajawasha jiko la makaa kwenye korido. Kuvuta dawa naweza nikisinzia. Kuosha kunataka mtu aliye macho, na saa tatu usiku mimi siko macho.

Kwa hiyo usinipigie kuniuliza "umefanya?" Nikiulizwa hivyo najihisi mtoto wa shule, na nitakudanganya. Niulize makohozi yana rangi gani, hilo nitakujibu sawasawa. Na ukija Desemba, kuosha vikombe vya usiku ni zamu yako. Sabuni iko kwenye kopo la njano chini ya sinki. Usitumie ile sponji ya sufuria.

Mama yako