Meneja akikwambia "subirini msimu"

Mwaka ule masika yaliikuta hoteli yetu ya Paje, Zanzibar, haina hata wageni kumi. Mshahara wa Machi haukuja, wa Aprili vilevile. Meneja, mtu wa tabasamu kweli kweli, kila tukimwendea: "Ndugu zangu, subirini msimu. Julai mtapata zote." Tukasubiri. Jikoni tulikuwa tunakula, na anayekula hana haraka. Haraka ilikuwa nyumbani Makunduchi.

Kosa langu halikuwa kusubiri, bali kusubiri mikono mitupu. Nakala ya mkataba sikuwa nayo. Sikuwahi hata kuiomba. Aliyetuokoa ni dada mmoja wa usafi wa vyumba. Alikuwa na daftari la skuli anaandika tarehe, zamu, alichopokea na aliyempa. Tulimcheka sana! Tulipopeleka madai yetu, siku ya usuluhishi meneja alidai sisi tulikuwa vibarua wa siku. Likatolewa daftari, zikatolewa picha za rosta ya zamu, na meseji zake mwenyewe za "subirini". Akanyamaza.

Kwa hiyo piga picha rosta kabla haijabanduliwa, na slipu ya mshahara usione haya kuidai. Pita ZSSF pia, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, uulizie michango yako. Sisi huko ndiko tulikogundua kuwa tunakatwa lakini hakipelekwi kitu.

Kisha andikeni barua ya madai kwa pamoja, mbaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Usisuse kazi kimyakimya: mwenzetu mmoja aliondoka kwa hasira, baadaye akaitwa mtoro. Na ukipewa nusu, usitie saini karatasi inayosema umelipwa haki zako zote, hata kama nyumbani hakuna unga.

Barua isipojibiwa, nenda Kamisheni ya Kazi mapema, maana madai yana muda wake. Usuluhishi ukishindikana, shauri linaweza kufika Mahakama ya Kazi. Na tahadhari na ushauri wa kwenye magrupu kuhusu CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: hiyo ni ya Bara. Kazi si jambo la Muungano. Huku tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005.

Sisi tulilipwa kwa awamu mbili. Ya pili ilichelewa wiki mbili, lakini safari hii tulikuwa tumeandikiana, na nakala ninayo kabatini.