Sensa mbili, taa bado zinawaka

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Mazda Axela ya 2012. Mwezi uliopita gurudumu la mbele kushoto lilianza kuvuma nikifika spidi 60, nikaambiwa beringi imekufa. Ikabadilishwa, mvumo ukaisha. Ila siku hiyohiyo, sijafika hata barabara kuu, zikawaka taa mbili: ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki) na ile yenye picha ya gari linaloserereka. Nikizima gari na kuwasha zinapotea, nikitembea kidogo zinarudi. Mashine ya kusomea makosa inasema sensa ya gurudumu hilo, yaani kihisio cha mwendo wake. Nimefunga sensa ya mtumba, kisha mpya, hali ni ileile. Sasa fundi anataka tubadilishe kompyuta ya ABS. Ni kweli imekufa? Na wiki ijayo nina safari ya kutoka Iringa kwenda Dar, naweza kwenda hivyohivyo?

JIBU: Ndugu yangu, pesa ya kompyuta usiitoe kwanza. Swali lako limeshabeba sehemu kubwa ya jibu: taa ziliwaka siku ilipofungwa beringi, na haziwaki mpaka gari litembee.

Nianze na hilo la pili. Ukifungua swichi, kompyuta ya ABS hukagua umeme wake kabla ya kitu kingine. Waya umekatika? Umegusa bodi? Sensa inavuta mkondo? Hayo yote inayajua gari likiwa limeegeshwa. Waya ungekuwa umekatika, au sensa imeungua, taa zisingezimika hata hapo ulipopaki. Zako zinazimika, kwa hiyo umeme wa njia hiyo hauna neno. Gari likianza kwenda ndipo kompyuta inapongoja mapigo ya umeme kutoka kwenye sensa ya kila gurudumu. Matatu yanaleta, moja liko kimya. Mashine ikaandika jina la sensa ya mbele kushoto, fundi wako akasoma kana kwamba imeandikwa "nunua sensa". Kumbe ilichosema ni kwamba habari za gurudumu lile hazifiki.

Kwa nini hazifiki? Kwenye magari mengi ya zamani sensa ilisoma ringi ya chuma yenye meno, unaiona kwa macho ukichungulia chini. Kwenye gari lako ringi hiyo imejificha kwenye sili ya beringi yenyewe: utando mwembamba wenye sumaku, ncha za kaskazini na kusini zikipokezana mduara mzima. Sensa imekaa kwenye tundu lake upande wa ndani, inahesabu ncha zinavyopita. Sasa beringi ina pande mbili, na ukiiangalia harakaharaka ni kama mapacha. Ikishindiliwa kinyume, sumaku inatazama nje kwenye diski, na sensa inabaki inatazama chuma kitupu. Gari halivumi, halitetemeki, halivuti upande. Hapo hata ubadilishe sensa kumi.

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya. Ilikuwa jioni, umeme umekatika, mteja kanisimamia kichwani, nikashindilia beringi kwa mwanga wa simu. Siku mbili zilizofuata nilizimaliza nikifukua waya ambazo hazikuwa na kosa lolote. Tangu hapo kwenye boksi langu la spana kuna kibanio cha karatasi, vile vya chuma vya ofisini. Beringi mpya ikija, nakigusisha kwenye sili zake. Upande mmoja kinanata kidogo, mwingine kinadondoka. Upande unaonata ndio wa kuelekea ndani, kwenye sensa. Kisiponata popote, beringi hiyo haina sumaku kabisa. Zipo za namna hiyo, vipimo vyake ni vilevile, na muuza duka atakupa ile aliyonayo kama hukumtajia ABS.

Kabla hamjafungua chochote, mwambie fundi aache kusoma makosa na afungue ukurasa wa mashine unaoonyesha spidi ya kila gurudumu gari likiwa linatembea. Endesheni taratibu, spidi 20 hivi, yeye akiwa kiti cha pembeni. Matatu yakisoma karibu sawa na la kushoto mbele likabaki 0, chomoeni sensa, mmulike tundu lake kwa tochi na mteremshe pini nyepesi iliyofungwa uzi. Sumaku ikiwepo mtaiona pini inavutwa. Isipovutwa, mmemaliza utafiti.

Jambo lingine: msipime sensa hiyo kwa multimita kwenye ohm. Zile za zamani ni koili tu, ukipima unapata ohm 1,000 na ushei na unajua ni nzima. Hizi zina elektroniki ndani, zinavuta mkondo wa kama miliampia 7 na 14 kwa kupokezana. Namba ya ohm utakayoipata haina maana yoyote, na multimita yenyewe inaweza kuiua sensa.

Beringi iliyofungwa kinyume usitegemee kuigeuza na kuirudisha. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikitolewa, kwa kawaida hutoka na ringi ya ndani, na hapo beringi imekwisha. Nunua nyingine. Wakati wa kuishindilia, presi isukume ringi ya nje. Ukisukuma ya ndani, gololi zinaumia na mvumo utarudi baada ya miezi michache. Na isiwekwe kwenye ile sahani ya sumaku ya kushikia nati, itaharibu mpangilio wa ncha. Wakimaliza wafute makosa, halafu utembee nalo kidogo kabla ya kulalamika. Taa ya kuserereka ikibaki peke yake, bila ya ABS, hapo nitauliza kama waligusa usukani au walifanya alaimenti: ukinyoosha usukani kwenye barabara iliyonyooka, sensa yake inatakiwa isome karibu na 0.

Safari sasa. Breki za kawaida unazo. Usichokuwa nacho ni msaada wa kuzuia magurudumu yasifunge ukikanyaga ghafla, na wa kulirudisha gari njiani likianza kuserereka. Kwenye lami kavu, kwa mwendo wa kiasi, utafika. Mteremko mkali wa Kitonga kwenye mvua mimi nisingeushuka hivyo. Na kama huna budi, shuka na gia ndogo, uache nafasi kubwa nyuma ya malori. Ila ile taa nyekundu ya breki ikiungana na hizo mbili na hendibreki iko chini, usiende kokote. Huenda mafuta ya breki yamepungua, au mfumo umeacha kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, na magurudumu ya nyuma yakifunga kwanza gari linageuka.